Mota ya mashine yangu ya kukereza iliunguruma bila kuzunguka, na Bibi Zainabu akawa analala chini

Wakuu, habari za jioni. Hili limenitokea mwenyewe hapa Tabata na sijalitia chumvi. Nikionekana mjinga mahali, basi ndivyo nilivyokuwa.

Mie nakereza mbao, yaani mti unazunguka kwenye mashine nami nauchonga kwa patasi uwe mviringo. Sikupita chuo, nilijifunza kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu mbao nyingi sana. Nina mashine ndogo ya kukereza, naiweka kibarazani mbele ya chumba nilichopanga. Nafanya kazi peke yangu, nakula peke yangu. Kuna siku jioni inafika ndiyo nashtuka kwamba sijafungua mdomo tangu asubuhi.

Sasa, jirani yangu Bibi Zainabu ni mjane. Ana kitanda cha enzi za Mwingereza, kilikuwa cha baba mkwe wake. Mguu mmoja uliliwa na mchwa ukavunjika, akaniletea mguu mwingine mzima uwe mfano, nimkerezee mwenzake. Kwa muda huo akawa analala kwenye godoro sakafuni, na magoti yake yale, kuinuka mpaka ashike ukuta.

Ningemaliza mapema. Ila mie nina ugonjwa wa kutaka kitu kifanane kabisa. Mguu wa kwanza nikautupa. Wa pili nikautupa. Labda kasoro nilikuwa naiona mimi tu.

Nilipofunga mti mwingine kwenye mashine na kuwasha, mota ikaunguruma. Haizunguki.

Nikafungua mota nzima. Nikasafisha beringi, nikapaka grisi, nikapiga msasa hadi boliti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nikafunga, nikawasha.

Mmmmmm. Vilevile.

Aibu ikanishika. Bibi akija kuulizia, mie najifungia ndani kimya kama sipo. Namsikia anaondoka polepole, kandambili zinaburuzika. Na huyo ndiye mtu pekee mtaani anayenisalimia kwa jina.

Asubuhi moja akanikuta nimeinamia mashine, sina pa kukimbilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe upo? Mie nilijua wameshakupeleka Segerea, nikawa naulizia siku za kutembelea wafungwa."

Nikamwashia asikie mwenyewe. Akatega sikio, akacheka.

"Si kama feni yangu hiyo? Inalia hivyohivyo, mpaka niisukume na mti wa ufagio ndiyo inakwenda."

Wakuu, nikaizima mashine palepale. Nani Dar hajawahi kusukuma feni kwa kijiti? Na kila mtu anajua feni ikifika hapo kapasita imechoka, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Hata mimi najua! Ila kwa kuwa hii ni mashine yangu, nikaitafutia ugonjwa mkubwa.

Nikatoa ule mti niliokuwa nimeufunga kwenye mashine, nikawasha, nikasukuma puli, lile gurudumu la mkanda, kwa kijiti. Ikaondoka. Nikaizima, nikaiwasha tena na kuisukuma upande wa pili, ikazunguka kinyume. Hapo sikuwa na swali tena: mota inayofuata upande wowote unaoisukuma, kapasita yake haifanyi kazi.

Nikachomoa plagi, nikafungua kifuniko mgongoni mwa mota. Kapasita imevimba, inavuja. Niliiondoa chaji kwanza, maana inaweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umechomolewa. Nikaenda nayo dukani, nikachukua nyingine yenye maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ile mbovu, na volti zisizopungua za kwake. (Msinunue ya feni eti kwa sababu inaenea. Ya kuwashia mota ni habari nyingine.)

Nikaifunga, mashine ikakubali. Mguu nikaukereza siku hiyohiyo, nikampelekea. Nilipoanza kumwonyesha palipozidi unene kidogo, akanikatiza:

"Mjukuu wangu, kwani mie nalala uvunguni?"

Nikafunga mguu. Akakaa kitandani, akajaribu kama kinayumba, akanyoosha miguu. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshasinzia.

Nikarudi kwangu, nikaiwasha mashine tupu nisikie tu. Sauti safi kabisa. Nikageuka kumwambia mtu.

Hakuna mtu.

Nilichojifunza: mota ikiunguruma bila kuzunguka, anza na kapasita. Na mteja anayekusubiri mfungulie mlango, hata kama huna jibu.

Mafundi wa mota, nisahihisheni nilipokosea. Ila na nyie mnaofanya kazi peke yenu naomba mnijibu: kitu kikikubali, huwa mnamwambia nani?