Nilivyojaza kabati risasi za kuvukia winter, wakwe wakaja kuombea nyumba

Wakuu, kuna kitu nilikiamini kuliko hata ile diploma yangu ya shule ya jioni: kwamba huku Minnesota risasi zinaganda.

Ndiyo, zinaganda. Baridi ikifika ile ya kung'oa kope, baruti inalala kama dubu, na maduka yanaacha kabisa kuuza risasi mpaka theluji iyeyuke. Ukilazimisha kufyatua Januari, risasi inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa bibi harusi, unaiona kabisa inapita, unaweza hata kuisalimia.

Nawasalimu wote, mlio nyumbani na sisi tuliotawanyika. Ninayoandika ni kweli. Kama kuna chumvi, ni ya kiasi cha mboga tu, mboga yenyewe ipo.

Aliyenipa habari hii ni Kassim, Mkenya wa Mombasa, tunafanya naye kazi hotelini Bloomington, kule upande wa airport. Kassim ana sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Akikwambia kesho jua litachomoza magharibi, unageuza kitanda.

Siku hiyo tuko lunch, nikamwambia nimeanza mchezo wa visahani.

Kwa wasioujua: unasimama uwanjani na shotgun, mashine inarusha kisahani cha udongo cha rangi ya machungwa, unakipiga hewani. Huku kuna ligi nzima ya mambo haya. Ukikosa, kisahani kinaenda kutua kwa amani. Mimi nimeviachia amani visahani vingi kuliko mtu yeyote kaskazini mwa mto Mississippi.

Na wale wa kukimbilia kuniuliza sheria mtulie, karatasi zangu zote ziko sawa na bunduki inakaa kwenye sefu.

Kassim akafuta mdomo. "Wacheza sasa, lakini winter yaja. Umeweka akiba?"

"Akiba ya nini?"

"Ya risasi, ndugu yangu. Risasi za huku hulala. Wenyeji wote hujaza nyumba mwezi wa kumi. Nenda ukajionee."

Nikaenda. Duka moja kubwa la vifaa vya uwindaji, mwezi wa kumi, nikakuta wazee wenye ndevu wanasukuma trolley zimejaa maboksi ya risasi.

Kumbe wale ni wawindaji, msimu wa bata ulikuwa umeanza. Lakini mimi sikuona bata. Niliona ushahidi.

Sasa hapa ndipo elimu ilipoingia kuharibu. Diploma yangu ni ya usimamizi wa stoo. Mwalimu wetu wa jioni hakumaliza kipindi bila kutukumbusha kwamba kuishiwa stock ni aibu ya familia, na kwamba lazima uwe na safety stock, ile akiba ya kukulinda mambo yakienda vibaya. Darasa zima tulikuwa tunasinzia, tumetoka kazini, lakini hilo liliniingia.

Nikakaa mezani nikapiga hesabu za kitaalamu. Risasi za mazoezi. Juu yake, za dharura. Juu yake, za dharura ya dharura. Halafu nikaweka za wageni, maana sisi Waswahili hatupiki bila kumfikiria mgeni.

Kabati la chumba cha pili likajaa mpaka juu. Nguo zangu zikahamia kwenye kiti. Mlango ulikuwa unafungwa kwa bega. Naapa sakafu ya ile apartment ninayokaa Champlin ilianza kuinama, na jirani wa chini akawa ananitazama kwenye lifti kama mtu anayetaka kusema neno.

Mtaniuliza, Januari hukupita dukani ukaona wanauza? Nipite kufanya nini? Mtu haendi kutikisa mlango wa duka analojua limefungwa.

Basi, nilikuwa na mchumba. Neema. Mkongo wa Uvira, familia yao iko Roseville, walikuja huku kama wakimbizi akiwa binti mdogo. Mimi kwa Neema nilikuwa nimeshafika, sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Posa ilikuwa imepelekwa, mzee ameisikiliza vizuri, limebaki jambo moja tu kabla ya jibu: wazazi wake waje waombee nyumba atakayokuja kuishi binti yao.

Neema alijua habari za shotgun. Alishakuja uwanjani mara moja akanicheka mpaka akakaa chini. Kabati ndilo hakulijua.

Wakaja Jumapili mchana baada ya ibada, Januari ile yenyewe, wamevaa makoti mpaka wanatembea kama mito ya kulalia. Nimepika pilau, nimesugua mpaka swichi za taa.

Mama Neema ndiye mwenye huduma. Wakuu, yule mama haombei nyumba kwa ujumla. Anaombea kimojakimoja. Aliombea jiko. Aliombea friji, akaifungua, akaombea na freezer. Bafuni alikaa muda mrefu mpaka nikaanza kujiuliza ameona nini.

Tukafika chumba cha pili. Wanaimba wimbo wa dini chumba hadi chumba, mimi naitikia kwa nguvu kuliko wote.

"Na humu?"

"Humo ni stoo tu, Mama."

"Shetani anapendaka stoo," akasema, akashika kitasa.

Nilitaka kumwambia mlango ule unafunguliwa kwa ujuzi. Sikuwahi. Boksi la juu likaja, likapasuka kwenye zulia, na risasi zikaviringika chumba kizima, nyekundu nyekundu, mpaka kwenye viatu vya Baba Neema aliyesimama mlangoni.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Baba Neema akainama, akaokota moja, akaigeuza. Kisha akaangalia kabati. Akaliangalia kwa muda, kutoka chini kwenda juu.

"Neema," akasema, "ulisemaka ni mchezo."

"Ni mchezo, Papa." Neema alikuwa ananiangalia mimi. "Hizi zote ni za nini?"

Kabla sijajibu mzee akaenda kukaa sebuleni. Tukamfuata. Pilau inanukia, hakuna anayeitazama.

"Kule Uvira tulikuwa na jirani," akasema. "Mutu muzuri, tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi. Siku moja watoto waliona masanduku ya masasi mu nyumba yake. Nikasema, ni mambo yake. Haikupita wiki, tulikimbia na nguo tulikuwa tumevaa." Akaiweka ile risasi mezani, taratibu, kama yai. "Mutu mwenye kukusanya masasi, iko kitu anajua chenye wengine hawajue. Weye unajua nini?"

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kuongea mpaka nikasamehewa tiketi ya parking. Siku hiyo maneno yote niliyaweka pembeni.

Nikasema ukweli. "Baba, risasi za huku zinaganda. Winter maduka hayauzi. Niliweka akiba."

Mama Neema akamtazama Neema. Neema akatazama dari.

"Zinaganda," mzee akarudia.

"Nina shahidi," nikasema, nikampigia Kassim, nikaweka loudspeaker. Namshukuru Mungu alipokea.

"Kassim, mwambie mzee wangu kuhusu risasi na winter."

"Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa. Mimi nina miaka hapa, na sijaona risasi Januari hata moja."

"Na mwezi wa saba uliona?" mzee akauliza.

"La, mzee. Bunduki mie siijui. Mie niko laundry."

Nikakata simu. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Baba Neema akasimama, akavaa koti lake. "Tunaenda kwa hilo duka."

"Limefungwa, Baba. Namaanisha, upande wa risasi."

"Tutaona. Mimi sitaangalia duka. Nitaangalia uso yako. Mutu wa bongo, muongo, anajua tayari iko wazi, hatashituka. Mujinga atashituka." Akafunga zipu mpaka kidevuni. "Mujinga namupa binti, tutamufundisha. Mutu wa bongo, hapana. Nilishaacha nyumba moja juu ya mutu wa namna ile."

Hebu fikirieni hali yangu. Miaka yote ya kusoma usiku, nikitoka kazini na njaa, ili nisionekane mjinga. Na sasa ndoa yangu inategemea nithibitishe, mbele ya wakwe, kwamba ni mjinga halisi, asiye na mchanganyiko.

Nasimama hapa kidogo nitoe somo na kukaribisha comment, kwa sababu nikimaliza mwisho wa habari hii nitazima simu kwa aibu.

Somo: akiba ya risasi nyumbani isizidi ile unayoweza kumweleza baba mkwe kwa sentensi moja. Mimi ilinihitaji sentensi, shahidi na safari ya gari. Safety stock ni ya kitu ambacho hukipati kirahisi. Na kabla hujaweka akiba ya chochote, piga simu dukani uulize kama wanacho, ni bure.

Tena angalia unaishi na nani. Kwangu lile boksi lilikuwa furaha ya Jumamosi. Kwa yule mzee lilikuwa siku aliyoacha nyumba yake. Sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja, na Neema nilikuwa naye kila wiki.

Nyie mnaopiga visahani au shabaha huko mliko, nyumbani mnaweka kiasi gani, na mke au mume anajua? Semeni hapa chini. Wa kunicheka nanyi karibuni, nafasi ipo, ila mtapanga foleni nyuma ya shemeji zangu.

Zile risasi za kwenye zulia tuliziokota zote kwanza, Mama Neema akizihesabu kwa sala. Kisha tukaingia garini. Baba Neema mbele, pembeni yangu. Nilikuwa naendesha huku naomba duka liwe wazi, halafu naomba liwe limefungwa, mpaka nadhani Mungu aliweka simu kwenye silent.

Tukaingia. Nikaenda moja kwa moja mpaka nyuma.

Rafu zimejaa. Kutoka sakafuni mpaka juu, rangi zote, na za kwangu nyekundu ziko pale kwenye punguzo la bei. Baba mmoja anachagua huku anakula karanga. Nje ni baridi ya kugandisha mate.

Nilisimama nimeachama. Nikashika boksi kuhakikisha si la maonyesho. Nikamgeukia mama wa kaunta, mzungu wa makamo mwenye miwani kichwani, nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Mmefungua lini?"

"Saa tatu asubuhi," akasema.

"Hapana. Risasi. Zimeacha lini kuganda?"

Yule mama akashusha miwani anitazame vizuri.

Nyuma yangu nikasikia kitu kama gari linalokataa kuwaka. Ni Baba Neema. Alikuwa anacheka, ameshika rafu kwa mkono mmoja, machozi yanatoka. "Kweli hakujua," anamwambia mke wake. "Angalia uso yake. Huyu hajui kitu hata kimoja." Akaja akanishika bega. "Mukwe," akasema, neno ambalo hakuwahi kuniita. Neema alikuwa amenishika mkono mwingine, na safari hii niliona wazi kwamba anacheka.

Kisha mzee akajifuta macho, akamwambia Neema amuulize yule mama kwa Kiingereza: mtu wa visahani tu, anatakiwa kukaa na masasi ngapi nyumbani?

Yule mama akajibu taratibu, Neema akatutafsiria.

"Anasema hazigandi, wanauza mwaka mzima. Weka za wiki chache za ligi yako, kwenye boksi lenye kufuli, mahali pakavu, mbali na bunduki. Zikiisha, urudi ununue zingine."