Kigingi Namba Sitini na Tatu

Wanawake wa Kaole wakisahau mtoto wa tatu wa fulani alikuwa akiitwaje, huja kwangu. Sikusoma. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, nikiwa na mimba ya mtoto wa tano. Lakini majina sijapata kuyapoteza. Waliolala makaburini kwetu nawajua wote, kaburi kwa kaburi, na mengi yalikuwa hayana hata mashahidi, zile mbao za kichwani na miguuni.

Basi iliposemwa kwamba barabara itapita pale na makaburi yatahamishwa, watu walinigeukia mimi. Masharti yalikuwa hivi: kaburi lenye jina, wenyewe mtachimbua, mtatia mifupa sanda na kuizika upya kwenye kiwanja kipya, kila maiti na kaburi lake. Lisilo na jina litaingia shimo moja na wenzake.

Nami nilikuwa na wangu mle. Mwanangu wa kwanza wa kiume, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Wanawake hatuendi kuzika, lakini baada ya arobaini baba yake alinipeleka akanionyesha: kutoka pembe ya ukuta wa mawe, hatua kumi na nne upande wa baharini. Hatua hizo nimezihesabu mpaka uzee huu, na baba yake naye hayupo tena. Nilichotaka ni kimoja tu, mwanangu azikwe peke yake, na mimi nijue ni wapi.

Siku ya saba ya kuzaliwa alipewa jina la babu yake mzaa baba, yaani babamkwe wangu. Na kwetu mke hatamki jina la babamkwe, hata awe amekufa, hata liwe la mtoto uliyemzaa mwenyewe. Kwa hiyo miaka yote minne nilimwita Baba. Baba njoo unawe. Baba shuka huko. Majirani walikuwa wakisema nyumba ile baba ndiye anayechapwa.

Sasa, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anafanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam. Kampuni yao ndiyo iliyopewa kutengeneza mahali pa kuyaweka majina hayo, na si ya Kaole peke yake. Vijiji vyote vya njia hiyo, na vingine vitakavyofuata, makaburi, mashamba, kila mnazi na picha yake. Alikuja Jumamosi moja akanikuta juu ya mbuzi nakuna nazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu angekuwa hai angesema nakunyima chakula."

Babu yake alikuwa akimwita mke wake tangu anatambaa. Akacheka, akafungua kompyuta kwenye mkeka.

"Nina kazi ya kulinganisha, Bibi. Yako maghala matatu ya kuwekea habari. Jumatatu nitoe jibu tuchukue lipi."

"Ghala la habari likoje?"

"Si daftari la mistari na safu. Habari ni nyingi mno, haziingii kwenye mashine moja, kwa hiyo zinagawanywa kwenye mashine nyingi, moja hapa, nyingine nchi za mbali. Na kila habari inakaa mahali patatu, ili mashine moja ikiungua zisalie mbili."

"Haya, yana tofauti gani?"

Akanieleza. Ghala la kwanza lina mashine moja kubwa, nyingine zinaifuata kama maamuma wanavyomfuata imamu. Imamu akianguka, sala inasimama mpaka apatikane mwingine, na hapo katikati hakipokelewi kitu. La pili limepangwa kwa utaratibu mrefu, na lisipokuwa na hakika linanyamaza. Linamwambia mtu asubiri. La tatu halina imamu. Mashine zote ni sawa, yoyote utakayoifikia inapokea, halafu zitaambizana baadaye.

"Na watu wawili wakisema tofauti juu ya jambo moja?"

"Hilo la tatu linashika la mwisho. La kwanza linafunikwa."

Nilikung'uta kifuu. Nikamwambia, "Chukua hilo hilo. Mtu akipiga hodi haambiwi asubiri nje. Na neno la mwisho ndilo mtu kalifikiri zaidi."

"Bibi, wewe ungeajiriwa ofisini kwetu."

"Huko kwenu nazi anakuna nani?"

Alisema mwenyewe alikuwa ameshaelekea huko huko, maana vijijini mtandao hukatika na makarani hawawezi kusimama juani kungoja ghala lijiridhishe. Pengine ni kweli. Pengine alitaka nisijione. Jumatatu aliandika la tatu, na wakalichukua.

Karani alikuja na kishikwambi chake, binti wa bara, mpole. Makaburini walikuwa wamechomeka vigingi vyenye namba. Tulikwenda kigingi kwa kigingi, mimi nataja, yeye anaandika, mpaka tukafika sitini na tatu, kwa mwanangu. Hapo nikasimama. Nikamwambia asogee karibu, nikalitaja.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mdomo ulinikauka kana kwamba nimelamba majivu. Yeye akaliandika, akanisomea kwa sauti kama anasoma jina la mtu yeyote, nami nikaitikia kwa kichwa.

Sheria yao ilitaka kila kaburi liulizwe kwa watu wawili wa ukoo. Wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayeishi Fukayosi. Kiharusi kilimlaza, hasemi. Karani akamuuliza mkewe. Hawakumwonyesha niliyoyasema mimi, wasije wakamtia maneno mdomoni. Wakafika kwenye hatua kumi na nne kutoka pembe ya ukuta, mtoto wa kiume.

"Huyo mtoto wa dada," akasema. Dada ndiye mimi.

"Jina lake nani?"

"Mtoto tu."

Babamkwe wangu ndiye babamkwe wake. Karani hakulijua hilo, na wa kumweleza hakuwepo. Aliandika: mtoto, jina halijulikani. Jioni alipopata mtandao, likaingia. Likawa la mwisho.

Siku ya kuchimbua nilikwenda na vijana wa ukoo na sanda nimeikata mwenyewe, kipande kidogo. Msimamizi akapitisha kidole kwenye karatasi yake. Sitini na tatu haikuwemo kwenye orodha ya wenye majina. Wasio na majina, alisema, tuliwamaliza jana. Niliziendea hatua zangu kumi na nne, nikakuta udongo umepinduliwa na kigingi kimelala.

Tulimpigia simu mjukuu wangu, akaja siku hiyo hiyo. Alikaa na kompyuta yake mpaka alasiri ikatoka.

"Liko la pili peke yake, Bibi."

"Langu liko wapi?"

"Lililofunikwa hukaa chini siku chache, halafu ghala linafagia lipate nafasi."

"Ulisema linakaa mahali patatu."

"Ndiyo. Mahali pote patatu pamekubaliana."

Nikamuuliza lile la kunyamaza lingefanyaje. "Lingemwambia karani asubiri. Pengine. Hata hilo lingetegemea tulivyoliagiza." Akaanza kusema yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye. Nilimwacha aseme. Maneno yangu ya siku ile ya kukuna nazi nilikuwa nayakumbuka kama ninavyokumbuka majina.

Mke wa shemeji alikuja wiki ile, amepanda bodaboda na uzee wake.

"Dada, mimi ningesemaje? Karani mgeni kabisa, na mume wangu kalala pale ananitazama."

"Usingesema."

"Wewe ulisema?"

"Nilisema."

"Mbele ya mtu?"

"Mbele ya karani."

Akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Sikuweza kumkasirikia, maana alifanya nilichokifanya mimi maisha yangu yote isipokuwa asubuhi moja.

Mjukuu wangu aliporudi tena alitaka nilitaje. Alisema ataliandika kwa mkono wake na hakuna atakayeandika baada yake. Nikalitaja. Safari hii mdomo haukunikauka, lilitoka kama majina mengine. Akaandika jina, umri, baba, mama. Kisha akafika pa kuandika kaburi liko wapi, akaniangalia.

Mle shimoni wamo watoto wengi, wa koo zilizohama au kwisha, wasiobaki na ndugu wa kuwasemea. Surua ya mwaka ule iliingia nyumba nyingi, na mifupa ya mtoto wa miaka minne haina alama ya mama yake.

"Niandike nini, Bibi?"

Nikamwambia apaache wazi.