Chupa ya Kuharisha

Siku hizi Hajarah anakaanga mandazi sokoni Busia, upande wa Uganda, bila kusikia chupa ikitikiswa kando yake. Jirani yake wa zamani, mzee muuza dawa za miti, hakuwa akimpa mteja chupa kabla ya kuitikisa sikioni na kuitikia, "Ehee," kana kwamba imemnong'oneza jambo. Serikali ya wanajeshi ilipoamuru kila dawa ibandikwe karatasi inayoeleza kazi yake, alizibandika kwa uji wa muhogo, kwa vidole vya manjano vinavyonuka mizizi.

Askari akaja kukagua. "Mzee, hii umeandika inaharisha papo hapo. Ikiwa ni uongo, twende kambini. Kunywa."

Mzee akaitikisa sikioni. "Ehee." Akainywa yote, akashika tumbo. "Afande, choo cha karibu kiko Kenya."

Askari alirudi nyuma, akamwinulia mwenyewe kizuizi cha mpaka. Hajarah akashangaa: mtu anakwenda haja na kapu zima la dawa? Akainusa ile chupa tupu aliyoiacha mzee, akaonja tone la mwisho. Ilikuwa chai ya sukari, nayo sukari ilikuwa adimu miaka ile. Kwa karatasi ile ya kuharisha, nani angemwibia chai yake?

Sasa mzee yuko Busia ya Kenya, nyuma ya stendi, anauza dawa katika chupa zisizo na karatasi.