Sauti Niliyompa Mwenye Bucha

Nilisoma hadi kidato cha nne, na katika mtaa wetu wa Kirumba wakati ule hiyo ilitosha kunifanya mtu wa Kiingereza. Nilikuwa na banda la video nyuma ya soko: mabati, turubai jeusi, mabenchi, runinga na deki. Watu walifuata mdomo wangu. Nilipunguza sauti ya mkanda, nikashika kipaza sauti, nikawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, hata mbwa.

Kiingereza changu kilikuwa cha mtihani. Nilipoelewa nilitafsiri, nisipoelewa nilitunga. Nilitunga zaidi.

Mkanda ninaousimulia ulikuwa wa zamani, rangi zimepauka. Mtoto anapotea, mji mzima unamshuku mwenye bucha. Wanamburuta kutoka dukani, wanamfunga kwenye nguzo sokoni, kisha wanapanga foleni. Kila mtu anampiga pigo moja, anamkabidhi fimbo aliye nyuma yake, anakwenda zake nyumbani, ili asiwepo hata mmoja wa kuitwa muuaji. Kamera haigeuki. Unaona jino likianguka. Unaona mama wa heshima akipiga, kisha akifuta kiganja kwenye gauni lake. Aliyeniuzia alisema huko ulikotengenezwa ulipigwa marufuku. Niliandika hivyo kwa chaki mlangoni na banda likajaa.

Yule mwenye bucha nilimpa sauti ya shemeji yangu.

Shemeji alikuwa Mhaya wa Bukoba, amemwoa dada yangu mdogo, anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Kabla ya kusema alikuwa akikohoa mara mbili, kama mtu anayefungua mkutano, na kwake kila mtu alikuwa "mheshimiwa," hata mbeba mizigo. Kwetu shemeji hutaniwa bila huruma, naye hakuwa mnyonge. Mimi nilimwita nshomile, yaani msomi, naye alinitania mimi Msukuma kwamba naota ng'ombe. Basi mwenye bucha alipofungwa kwenye nguzo, nilikohoa mara mbili kwenye kipaza sauti. "Waheshimiwa! Msomi kama mimi nile mtoto wa mtu?"

Banda lilipasuka kwa kicheko.

"Huyo wa Mwaloni!" mtu alipiga kelele. "Mchapeni nshomile huyo!"

Kila pigo nililipa kikohozi chake. Mwishoni mwa mkanda anatokea mtoto mdogo, anakatiza sokoni ameshika kiatu kimoja, watu wanamkodolea macho. Alisema maneno machache ambayo sikuyaelewa. Nikamtungia: "Mimi ni mdogo wake marehemu. Asanteni wazee kwa kunilipizia." Walipiga makofi. Niliuonyesha wiki nzima.

Wiki iliyofuata, asubuhi, injini ya mtumbwi ilikosekana ufukweni. Mtu mmoja alisema amemwona shemeji akipita karibu na mtumbwi ule alfajiri. Alikuwa amepita kweli, kama kila siku, kwenda kuanika dagaa. Walimzunguka. Alikohoa mara mbili, akasema, "Waheshimiwa, nisikilizeni."

Walicheka. Hilo nilisimuliwa. Kisha mtu akasema apelekwe kwenye nguzo.

Mimi nilifika wakati foleni imeshaundwa. Shemeji alikuwa amefungwa kamba ya nyavu kwenye nguzo ya kibanda cha mizani. Waliokuwa mbele walipiga kwa kasia, mmoja mmoja, wakalikabidhi nyuma. Kasia lilimpiga sikioni, damu ikaingia ndani ya kola. Lilimpiga mkononi, mfupa ukasikika. Mwanamke ninayemfahamu, aliyeniuzia sato kila Jumamosi, alimpiga kwenye jicho la kulia, kisha akafuta viganja kwenye kanga. Shemeji alikuwa bado anawaita waheshimiwa. Kila alipowaita hivyo, walicheka.

Kijana mmoja mwenye kifua kipana, aliyekwisha kupiga, alinishika bega. "Kaka, usichomekee. Panga foleni."

Sauti yangu ndiyo iliyojulikana kuliko zote Kirumba. Ningeita mara moja tu wangegeuka. Nilifunga mdomo wangu nikasimama pale, nyuma ya mtu wa mwisho, mpaka polisi walipokuja wakafyatua risasi hewani. Injini ilikuwa kwa fundi. Mdogo wa mwenye mtumbwi ndiye aliyeipeleka.

Shemeji alipoteza jicho na sikio la upande mmoja, na mkono wa kulia ulipona ukiwa umepinda. Alihamia Buswelu na dada yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, hakuwahi kukanyaga banda la video, na hakuna aliyemwambia habari ya mkanda ule. Aliamini walimpiga kwa wivu wa biashara. Nami nikamwacha aamini. Banda nililifunga, nikasema deki imekufa.

Tangu hapo nimekula kwake Jumapili nyingi. Jumapili moja ya mwaka huu tulikuwa sebuleni baada ya ibada. Mjukuu wao anayesoma chuo aliweka katuni ya kuchekesha, ya kuku. Kuku wa kijiji wamepoteza yai, wanamshuku mbuzi. Wakamfunga kwenye nguzo. Wakapanga foleni, kila mmoja na mwiko wake.

Yote yalikuwepo: nguzo, pembe ya kamera, kuku mnene akifuta bawa lake kwenye gauni. Kuku mmoja alilalamika mwiko wake ni mdogo. Mwingine aliomba apige na pigo la mwenzake aliyebaki nyumbani. Shemeji alicheka mpaka jicho lake moja likatoa machozi.

Kisha yai lililopotea likaja likitembea, limeshaanguliwa, kifaranga amevaa ganda kichwani. Kuku wote wakamkodolea macho. Wa mwisho kwenye foleni akauliza, "Kwa hiyo mimi sipigi?"

"Babu, hii wameiga sinema ya zamani," mjukuu aliniambia. "Ilileta ugomvi mkubwa, wengine wakisema inafundisha watu kuua. Katuni za hivi ndiyo mchezo wao, zinachukua sinema iliyogombanisha watu, zinawapa kuku."

"Na yule mtoto wa kwenye sinema?" niliuliza. "Mwenye kiatu?"

"Si ndiye aliyepotea? Alikuwa mzima. Kumbe babu umeiona?"

Kuku walinieleza kile ambacho kidato cha nne changu hakikunieleza. Dada yangu aliingia na sahani ya ndizi, akanitazama, akauliza kama naumwa. Nikasema, "Shemeji, siku ile Mwaloni ilianzia kwangu." Nikamweleza yote, kikohozi, waheshimiwa, makofi, na jinsi nilivyosimama kwenye foleni.

Dada yangu aliweka sahani chini polepole.

Shemeji aliinuka. Alinipiga kofi kwa mkono ule uliopinda, kisha la pili, kisha la tatu, na mkono ulipomuuma akanipiga kwa ule mzima. Mdomo ulipasuka. Mjukuu alilia, "Babu, basi!" Mimi sikukinga.

"Ulikuwa unakula kwangu," alisema akihema. "Miaka yote hii, mezani kwangu!"

"Ndiyo."

"Waliopiga unawajua?"

"Walio hai, nawajua."

"Nenda ukawaambie walichokuwa wanacheka. Halafu waje wanitazame usoni. Kabla ya hapo usiguse mlango huu."

Dada yangu hakunitetea. Alifungua mlango tu.

Nilirudi Kirumba kuwatafuta. Wa kwanza alisema siku ile alikuwa Ukerewe. Yule mwanamke wa sato alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanimwagia ndoo ya maji ya samaki. Mwingine alitabasamu. "Ulituvunja mbavu wewe! Hebu kohoa kidogo nikumbuke." Niliondoka.

Yule kijana wa kifua kipana sasa ana mvi na anatembea kwa fimbo. Alisema, "Nitakuja, lakini wewe utangulie."

Nilitangulia. Shemeji alifungua mlango akamtazama kuanzia miguuni.

"Shikamoo," yule mtu alisema, ingawa umri wao ni mmoja.

Shemeji hakuitikia. "Wewe ulinipiga wapi?"

Yule mtu alinyanyua mkono, akagusa sikio lake mwenyewe.

"Ingia," shemeji alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Wamebaki wangapi?"

"Sita."

Alifunga mlango, mimi nikiwa nje.