Mpira Uliopita Nyuma ya Goli

Jumamosi ile kijijini kwetu Akheri tuliwafunga vijana wa kata ya Sokon I mabao mawili bila. Kipa wetu, Anaeli, alikuwa jirani yangu na mbishi kupindukia. Uwanja ulikuwa wa mteremko, na mpira ukipita nyuma ya goli ulibiringika mpaka kwenye migomba ya watu. Kwetu kipa ndiye aliyeufuata, hata kama aliyepaisha ni mwingine, na hakuna aliyehoji. Wiki iliyofuata tuliitwa mgambo sote wawili, tukapandishwa lori kwenda vita vya Kagera.

Miezi kadhaa baadaye, ng'ambo ya mpaka, kikosi kilipewa siku ya kupumzika. Mkuu wetu alisema uwanja wa shule umeshakaguliwa, tucheze. Tulikuja kujua kwamba mkaguzi aliishia kwenye mistari ya chaki. Nikikumbuka hilo damu inanichemka mpaka leo.

Nilipiga shuti, nikapaisha.

Anaeli akageuka, akaingia kwenye nyasi ndefu.

"Kimbia bwana, unatembea kama bibi harusi," nilimtania.

"Umepaisha mwenyewe, unaniharakisha nini?"

Hakufika mbali. Bomu lilikuwa limetegwa hatua chache tu nyuma ya goli.

Jioni karani wa kikosi alikuja na fomu. Aliniuliza marehemu alikuwa akifanya nini. Nikamwambia, "Alikuwa anafuata mpira." Akaandika hivyo hivyo, nikatia sahihi. Damu ya Anaeli ilikuwa bado kwenye viatu vyangu, na nilijibu nilichoulizwa.

Miaka ikapita. Mitumba ikajaa sokoni, kule mjini Njiro ikaota nyumba za kuta ndefu, na watu wa kwetu wakaamua kuchonga jiwe lenye majina ya waliokufa vitani. Majina yalitakiwa yathibitishwe mjini. Nilimsindikiza Mama Anaeli ofisini, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Bwana mmoja mwenye tai alimwamkia shikamoo, akafungua faili.

"Mama, pole. Huyu hakufa vitani. Hapa pameandikwa alifariki michezoni."

Nilipiga meza. "Na hilo bomu lilikuwa linachezea timu gani?"

Hakukasirika. Aliligeuza faili upande wangu, akaweka kidole chini ya ukurasa. "Sahihi hii ni ya nani, mzee?"

Ilikuwa yangu. Jiwe limesimama sasa, na jina la Anaeli halimo. Nina hasira na mkuu yule, na mkaguzi wake mvivu, na bwana wa tai aliyeiona karatasi asimwone mama aliyeketi mbele yake. Lakini maneno yaliyomfuta Anaeli yalitoka kinywani mwangu, na yalikuwa ya kweli.

Tulipotoka nje, Mama Anaeli alisimama kwenye ngazi, akafunga kitenge upya.

"Baba, mimi ndiye niliyewafundisha shule ya Jumapili kwamba msiseme uongo," alisema. "Lakini siku ile moja, ungeusema tu."