Faranga Makumi Tano kwa Mti Mrefu

Mwenzetu alianguka kutoka kwenye mkaratusi kabla ya saa sita, na mwenye bustani akamlipa nusu siku. Nusu nyingine, alisema, hakuifanya. Mimi nilikuwa chini nimeshika kamba, ikanichuna viganja vyote viwili, nisiweze kumzuia.

Tulikuwa wakwea miti wanne katika Bukavu ile ya Wabelgiji, watu wa kulipwa kwa siku, bila bwana mmoja wa kudumu. Nyumba za Wazungu kandokando ya ziwa zilizungukwa na miti mirefu, na kila mvua kubwa zilipokaribia walitafuta watu wa kukata matawi yaliyoinamia mapaa. Kila lango lilikuwa na bei yake: faranga ishirini hapa, kumi na tano pale, kwa madame mmoja wa Kizungu sukari na shati kuukuu. Mtu wa kufyeka majani alipata karibu sawa na sisi tulioning'inia juu na msumeno.

Mwenzetu alikuwa amevunjika nyonga. Tulikutana kwake katika mtaa wa Kadutu, sisi watatu tumekaa chini kando ya mkeka aliolalia. Ni yeye aliyesema, huku akiangalia ukuta:

"Muti murefu, faranga makumi tano kwa siku. Mwenye kushika kamba, makumi tatu. Muzungu asiyetaka, apande yeye mwenyewe."

Tulicheka kidogo, kisha tukakubaliana. Hakuna atakayepanda chini ya bei hiyo. Na kwa kuwa mimi nilikuwa na Kifaransa kidogo cha shule ya misheni, wakanituma niende kuisema kwenye malango.

Sijawahi kuogopa mti kama nilivyoogopa maneno yale. Kitabu changu cha kazi hakikuwa na sahihi ya bwana yeyote kwa miezi ile, na mtu asiye na bwana angeweza kurudishwa kijijini wakati wowote. Na watu wanaopatana bei kati yao, wakubwa wangewaita nani kama si wachochezi? Nikiona polisi njiani, nilivuka upande wa pili.

Wa kwanza kunisikiliza alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Mkaratusi wake ulikuwa umeinama kabisa juu ya nyumba.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" aliniuliza kwa Kiswahili chake.

"Hakuna mutu, bwana. Muti iko murefu."

"Nitapata mwingine kwa ishirini."

"Ndiyo, bwana."

"Na wewe utakula nini?"

Nilikwenda malango mengine, na kote nikaambiwa nitaitwa. Wiki mbili zikapita, hatukuitwa. Mmoja wetu akatuaga, akaenda Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu. Tukabaki wawili wa kupanda: mimi na mwenzetu wa kisiwa cha Idjwi, mtu mzima tuliyemwita papa, mke wake yuko karibu kujifungua. Nyumbani kwangu mke wangu alianza kupima unga kwa kikombe kidogo.

"Ile bei yenu," aliniambia, "mutu anaweza kuipika?"

Usiku mmoja ukapiga upepo mkali. Kulipopambazuka nilichukua panga na kamba, nikamwambia mke wangu kwamba naenda kumwona mgonjwa wetu. Haikuwa kweli. Niliteremka hadi kwa yule bwana wa kahawa, nikirudia kichwani kwa Kifaransa: ishirini, nakubali ishirini.

Langoni alisimama mtu na kamba begani. Alikuwa yule papa wa Idjwi.

"Papa, unafanya nini hapa?"

"Na wewe?"

Tulisimama, kila mmoja akiangalia miguu yake, mpaka bwana akatoka. Tawi moja lilikuwa limetoboa paa la baraza, na vigae vimetapakaa ngazini.

"Sasa," alisema, "nani kati yenu kwa ishirini?"

Nilisubiri mwenzangu aseme. Nadhani naye alinisubiri mimi. Ndipo nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtu mwenye homa:

"Sisi wawili, bwana. Mwenye kupanda makumi tano. Mwenye kamba makumi tatu."

Uso ulimwiva kwa hasira. Nilijua sasa ataita polisi. Lakini madame wake alikuwa dirishani, akamwambia kwa Kifaransa kwamba chumba wanacholala watoto kiko chini ya mti ule. Bwana akatazama juu kwenye mti.

"Munaniibia," alisema. "Pandeni."

Nilipanda mimi. Niliogopa siku nzima, si urefu, bali kwamba jioni atakataa kutoa. Alitoa. Alihesabu polepole, lakini alitoa zote.

Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi, mwenzangu alisema, "Nilikuja kuangalia tu."

"Mimi pia," nikamjibu.

Tulipita kwa mgonjwa, tukamwachia sehemu yake. Alifurahi mno. Msimu ule nyumba kadhaa zililipa bei yetu. Nyingine hazikutuita tena kamwe. Mgonjwa wetu alirudi kutembea kwa fimbo, na kila aliposimulia habari ile kwa watu alisema kwamba sisi wawili hatukutikisika hata siku moja. Tulikuwa tunamsikiliza, tumekaa pale pale, na hakuna aliyemsahihisha.