Kochi la Sufi na Makoti

Baba yangu hakuwa seremala. Alikuwa mkulima wa mikorosho hapa Kibiti, na mikono yake ilijua jembe na sindano ya kushonea magunia, basi. Lakini miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kurudi madukani, alikwenda Ikwiriri akakaribishwa kwa mfanyabiashara mmoja, akakalishwa kwenye kochi la sponji. Aliporudi hakuwa mtu yule tena. Akatutangazia kwamba wageni wa posa yangu hawataketi mkekani ng'o, watakaa kochini, na kochi tutalitengeneza sisi wenyewe.

Kijana mwenye kuposa nilikuwa namtaka. Nasema wazi sasa kwa sababu wakati ule halikuwa jambo la kusema. Alikuwa akija kutoka Nyamwage kununua korosho, na ndiye mtu pekee aliyewahi kuniona nimekasirika akacheka bila kukimbia.

Mbao hatukuwa nazo, lakini mjomba wa huko delta alitupa vipande vya boriti za mikoko vilivyobaki alipojenga. Sufi tuliokota chini ya msufi nyuma ya nyumba. Tatizo likawa kitambaa. Kanga ingechanika, na gunia linawasha. Baba akatokea na makoti ya mtumba, yale mazito ya nchi za baridi, ambayo muuza mitumba hakujua amvishe nani kwenye joto letu. Alifurahi kuyabadilisha kwa jogoo.

Tukafunga milango na madirisha ili upepo usichukue sufi, tukaanza kazi ya familia. Mama alipiga sufi kwa fimbo kutoa mbegu, mimi nilijaza, baba alishona. Alishona vile anavyoshona gunia la korosho, mishono mipana, ya haraka, kamba akiivuta kwa meno.

"Bwana wee," mama akamwambia, "hapo korosho haipiti, lakini sufi itapita."

"Gunia langu halijawahi kumwaga!" baba akajibu, akaendelea.

Kochi lilipokamilika lilikuwa na vifungo, mifuko, na mikono ya makoti ikining'inia kila upande, maana baba aliona hasara kuikata. Nilimwambia linatisha. Akaniambia nina wivu, ingawa sikujua nimwonee wivu nani.

Siku ya posa nilikuwa chumba cha ndani, nikichungulia upenyo wa mlango. Mshenga mkuu, ami yake kijana, alikuwa mzee mnene mwenye heshima zake. Baba akamketisha katikati. Akazama. Magoti yakampanda mpaka kidevuni, na sufi ikafumka kwenye mishono ikamfunika ndevu. Wenzake wawili walipoketi kulia na kushoto, mzee akainuka kidogo, kisha sote tukasikia chafya.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Yarhamukallah," wakamjibu.

Mwenzake naye akapiga chafya. Akajibiwa. Baba naye akapiga. Posa ikawa haisogei, kwa sababu kila aliyefungua mdomo kusema lililowaleta alilazimika kwanza kumwombea jirani yake rehema. Mwishowe mzee akayasema maneno yake haraka haraka, huku mkono mmoja ameutia kwenye mfuko wa kochi akitafuta leso.

Shangazi akaja mlangoni kwangu kuniuliza kama nimekubali. Desturi yetu ni kwamba binti akinyamaza, amekubali. Akisema neno, huyo hana haya. Nilijiziba mdomo kwa kanga, nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Sufi ilikuwa imeshapita chini ya mlango.

Nikapiga chafya.

"Amesema nini?" mzee akauliza.

"Amepiga chafya tu," shangazi akajibu.

"Mbona hajamshukuru Mungu?"

Hapo nikakwama. Nikishukuru, nimesema, nisiposhukuru, wataniona sina dini. Wazee wakaanza kulijadili hilo kwa kirefu, kama chafya ni kimya au si kimya. Wakaamua niulizwe upya. Nikaulizwa. Nikapiga chafya mbili.

"Jamani, huyu binti hataki," mzee akasema kwa masikitiko. "Tusimlazimishe mtoto wa watu. Niinueni, tuondoke."

Nilimwona baba akitazama chini, na moyo ukanipasuka kwa hasira na hofu. Nikasukuma mlango.

"Nimekubali!" nikapiga kelele. "Namtaka! Alhamdulillahi! Na wewe baba, kochi lako hili!"

Shangazi akajifunika uso. Mzee, ambaye wenzake walikuwa wamemshika kwapani, akawaambia wamwachie.

"Basi leteni chai," akasema, akazama tena.

Wageni walipoondoka shangazi alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. Baba hakunigombeza. Aliketi sakafuni na sindano yake, akiuziba mshono mmoja mmoja, na mama amekaa nyuma yake akimtoa sufi kwenye nywele.

"Wewe siku nilipokuja kukuposa ulinyamaza," baba akamwambia bila kugeuka. "Nikaambiwa umekubali."

"Uliambiwa," mama akasema. "Mimi uliniuliza lini?"

Baba akaiweka sindano chini, akageuka, akamuuliza.